Betri ya Nani, Soketi ya Nani?

Kona hii imezoea kesi za wachumba na mawifi, lakini safari hii mmenibadilikia. Barua baada ya barua ni pikipiki za umeme, bajaji za gesi, maguta ya betri. Yupo hata aliyeanza kunieleza habari za mumewe, ukurasa wa pili kaishia kuulizia chaja. Basi leo mapenzi yapumzike, tuongee vyombo.

Na mna haki ya kuuliza. Ukipita Kariakoo siku hizi, mitaa ya vipuri, utaviona vimepangwa nje ya maduka: pikipiki zisizo na bomba la moshi, toyo za betri, viti bado vina nailoni, na kila chombo kina winga wake. Winga hakosi jibu. Ukimuuliza inatembea kilomita ngapi, atakwambia "mpaka uchoke wewe". Ukimuuliza gharama ya kuiendesha, atakwambia haina gharama. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Chombo cha umeme kina gharama, ila imejificha mahali pawili: kwenye betri na kwenye soketi. Ukijua betri ni ya nani na soketi ni ya nani, umeshaujua mkataba wako wote.

Tuanze na huyu kijana.

"Shikamoo dada. Mimi ni dereva wa boda, kijiwe changu kiko Msimbazi, naishi Buguruni. Tajiri wangu anasema Boxer anazitoa, analeta za umeme. Mkataba wa petroli ulikuwa elfu kumi kwa siku, miezi kumi na mitano chombo kinakuwa changu. Huu mpya ni elfu kumi na tatu kwa siku, miezi kumi na minane. Wenzangu kijiweni wananicheka, wanasema nitakuwa nasukuma pikipiki na abiria ananisaidia. Nisaini au nisisaini?"

Marahaba, mdogo wangu. Chukua kalamu. Tuchukulie unapiga kilomita 120 kwa siku, na pikipiki yako ya petroli inakula lita moja kwa kilomita arobaini. Hizo ni lita tatu. Bei ya EWURA inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini kwa miaka hii petroli imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita, kwa hiyo weka 9,000 kwa siku. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo itakula kama yuniti tano na nusu, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa Luku ya kawaida, ile ambayo elfu moja inakupa yuniti 2.8, ni kama shilingi 2,000. Kwa siku umeokoa elfu saba kwenye mafuta, tajiri amekuongezea elfu tatu kwenye hesabu, unabaki na elfu nne mfukoni. Mpaka hapo wanaokucheka kijiweni hawajapiga hesabu.

Lakini usiishie kwenye siku moja, nenda mpaka mwisho wa mkataba. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, ndani ya miezi 18, pikipiki ya petroli itakuwa imekula milioni 3 na laki 9 za tajiri, na mafuta ya milioni 4 na laki 2. Jumla kama milioni 8 na laki 1. Ya umeme itakuwa imekula milioni 6 na elfu themanini za tajiri, na Luku ya laki 9 na ushee. Jumla kama milioni 7. Umeokoa milioni moja na kidogo. Sijaweka oili na sevisi ya injini, nazo ziko upande wako.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye barua yako. Betri peke yake inaweza kufika theluthi mpaka nusu ya bei ya pikipiki nzima. Maana yake ile milioni uliyookoa kwa mwaka mmoja na nusu inakaribia bei ya betri moja. Kama mkataba unasema betri ikizeeka ni juu ya tajiri, au ni juu ya kampuni iliyoleta chombo, wewe umeula. Kama unasema ni juu yako, au haisemi kitu, basi siku unakabidhiwa kadi ya pikipiki kwa furaha unaweza kuwa unakabidhiwa chuma chenye betri iliyochoka, na akiba yako yote inarudi Kariakoo kununua nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, inama uangalie kibandiko cha betri. Usimtume mtu, inama mwenyewe. Kitakuwa na volti na ampea-saa (Ah). Zidisha, gawa kwa elfu moja, umepata yuniti zinazoingia humo. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 inabeba yuniti 2.9 hivi. Pikipiki yenye abiria inakula yuniti nne au zaidi kwa kilomita mia. Kwa hiyo betri hiyo ni kilomita sabini ikiisha kabisa, na hutakiwi kuimaliza kabisa, kwa hiyo sema sitini. Ukipakia mshikaki zinapungua tena. Safari moja ya Mbezi kwenda na kurudi imekula zaidi ya nusu. Winga akikwambia kilomita 150 kwa betri hiyo, mshukuru, ondoka.

Angalia pia aina. Betri za risasi na tindikali, ndugu wa zile za magari, ni za bei nafuu na ni nzito, na zinavumilia kuchajiwa na kumalizwa mara mia tatu mpaka mia tano hivi. Kwa mwendo wako wa kuimaliza karibu mara mbili kwa siku, mwaka hautimii. Za lithiamu zilizo nzuri zinakwenda mara elfu moja na mia tano na kuendelea. Kama tajiri ameleta za risasi na anataka miezi kumi na minane, huo si mkataba, huko ni kukukodisha matatizo.

Liko jingine ambalo halisemwi kijiweni. Vyombo vingi vya umeme vya mkataba vina kifaa ndani kinachomwonyesha mwenye mali uko wapi, na anaweza kukizima chombo akiwa amekaa ofisini. Sisemi ni vibaya. Pikipiki ngapi zimeibwa mjini hapa? Lakini uliza: nikichelewesha hesabu siku moja, mnaizima? Mnaizima nikiwa wapi? Saa ngapi? Usije ukazimiwa usiku wa manane Tabata Dampo na abiria kakuning'inia mgongoni. Iandikwe siku za kuvumiliana, iandikwe kwamba chombo hakizimwi kikiwa barabarani. Ikikataliwa kuandikwa, ujue nia ipo.

Wenzetu wa Kigali walianza na pikipiki hizi za umeme mapema. Kampuni ya Ampersand inafanya biashara pale tangu 2019 na baadaye ikaenda Nairobi, na njia yao ni kwamba dereva hanunui betri kabisa. Inapokaribia kuisha anaingia kituoni, anaacha tupu, anachukua iliyojaa, analipia, anaondoka kwa dakika chache. Kule wamefika mbali, kuanzia Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria. Njia hiyo inakutoa kwenye hofu ya betri kuzeeka, ila inakufunga kwa mwenye vituo. Kama hapa mjini ana vituo viwili tu, vyote upande wa Mikocheni, na wewe unakula vichwa vya Mbagala na Gongo la Mboto, nusu ya chaji utaimaliza ukifuata chaji. Na akifunga biashara kesho, betri za mwingine hazitaingia kwenye chombo chako.

Jibu langu: kama betri ni ya lithiamu, na mkataba unasema kwa maandishi nani anaibadilisha ikishuka chini ya kiwango fulani, saini. Kisha kila siku weka elfu mbili pembeni kwenye simu, usiiguse. Mwisho wa mkataba zitakuwa laki tisa na zaidi. Na uwe unapiga honi Mtaa wa Congo, maana chombo hakina mlio, na machinga aliyegeukia mzigo wake hatakusikia unakuja.

Umeniambia unaishi Buguruni, lakini hujaniambia unachajia wapi. Nimeshangaa, maana barua iliyofuata kwenye bahasha zangu ni hii, nayo inatoka hukohuko. Nakuombea isiwe inakuhusu.

"Dada, nyumba yetu tuko wapangaji wanne, Luku moja. Kila mwezi tunachanga. Sasa mpangaji mwenzetu kanunua pikipiki ya umeme, anachaji usiku kucha kwa ekstensheni kupitia korido. Tukisema, anatoa elfu kumi na tano, anasema ndiyo umeme anaotumia, kapiga hesabu. Lakini mbona mchango wetu umepanda hivi? Tunaonekana wachoyo."

Si wachoyo, mdogo wangu. Na huyo kijana huenda hadanganyi, kapiga hesabu kwa bei isiyokuwepo tena. Nitakueleza.

TANESCO wana bei ya wateja wadogo: anayetumia yuniti 75 au pungufu kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa yuniti, na ukiweka kodi na makato inafika 122. Ndiyo ile unaweka elfu moja unapata yuniti nane na kitu. Nyumba yenu ya taa, runinga, feni moja na pasi ya Jumapili, tuseme ilikuwa inatumia yuniti 70. Mlikuwa mnalipa kama shilingi 8,500 kwa mwezi nyumba nzima, ukitoa ile kodi ya jengo inayokatwa hukohuko kwenye Luku. Raha mustarehe.

Kijana akaja na pikipiki. Yuniti tano kwa siku, siku 26, ni yuniti 130. Kazidisha mara 122, kapata 15,800 na ushee, kakuleteeni elfu kumi na tano na moyo mweupe. Lakini nyumba sasa inatumia yuniti 200. Mmeshatoka kwenye bei ya wadogo na mnahamia ile ya kawaida, shilingi 292 kwa yuniti, na kodi inafika 356. Zidisha: zaidi ya elfu sabini na moja. Kutoka 8,500 hadi 71,000! Pikipiki yake imewaongezea zaidi ya elfu sitini, yeye analipa kumi na tano, na hizo arobaini na tano na ushee mnagawana ninyi watatu, pamoja na mama wa chumba cha uani mwenye taa moja.

Kwa hiyo msigombane, kaeni barazani na kalamu. Haki ni yeye kulipa tofauti yote aliyoileta, si yuniti zake tu. Kwa mita: nunueni mita ndogo, zinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme, fundi aifunge kwenye waya unaokwenda kwenye chaja, na kila Jumapili mnasoma namba. Ila mita ndogo haitawarudisha kwenye bei ya wadogo. Njia safi ni yeye na mwenye nyumba waombe mita nyingine TANESCO kwa ajili ya chombo, nyumba ibaki na yake. Hata akilipa bei ya kawaida, ni elfu arobaini na sita kwa mwezi, na petroli ya mwendo ule ilikuwa inamla zaidi ya laki mbili. Ana uwezo. Mwambieni dada kasema.

Na hiyo ekstensheni ya koridoni mwiteni leo aitoe. Si kesho. Betri haichajiwi mlangoni wala kwenye njia ya kutokea, maana ikishika moto ndiyo njia yenu ya kukimbilia. Haifunikwi na nguo. Haichajiwi kwa chaja ya kuazima, kila betri na chaja yake. Ikivimba, ikinuka au ikawa ya moto isivyo kawaida, inatolewa nje, haichajiwi tena. Nyumba zetu hizi za zamani waya zake zilivutwa kwa ajili ya taa na redio, na wapangaji wamekuwa wakiongeza soketi juu ya soketi. Ikiwaka, tokeni kwanza, pigeni 114. Kariakoo hapo mnakumbuka Julai 2021 soko lilivyoungua, na lile lilikuwa jengo la zege lenye heshima zake, alilolichora msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Sembuse banda la uani.

Najua utaniuliza: kwa nini asiweke sola juu ya bati? Jua la Dar unalijua. Lakini paneli za jumla ya wati elfu moja, nikimaanisha elfu moja za kweli na si za kwenye boksi, zinatoa kama yuniti nne kwa siku nzuri. Anahitaji paneli kubwa tatu au nne, betri nyingine ya kutunzia kwa sababu pikipiki iko kazini jua likiwa juu, na ruhusa ya mwenye nyumba wa bati. Kwa mpangaji haijafika. Kwa kijiwe, labda. Madereva ishirini wenye banda moja na paneli za pamoja, hapo tungeongea lugha nyingine, na ndiyo maana ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ningependa siku moja nione kikundi kimeombea banda la kuchajia badala ya pikipiki kumi nyingine.

Huyu sasa ni mama yangu wa Mchikichini. "Mwanangu, tunavunja kikoba Desemba. Nikijumlisha na akiba nataka kumnunulia kijana wangu bajaji, atoke kijiweni. Wengine wananiambia gesi, wengine umeme. Nisaidie, hela hii ni ya jasho."

Shikamoo mama. Hela ya kikoba haichezewi, kwa hiyo nitakuwa mkweli hata kwa jambo linaloniuma kidogo, maana mimi napenda umeme.

Gesi hii ni yetu. Ya Songosongo iligunduliwa 1974, ikakaa chini ya bahari na mchanga miaka thelathini mpaka bomba likaifikisha Dar 2004. Ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982, na bomba lake kubwa likazinduliwa 2015. Kwenye vyombo inauzwa kwa kilo, na imekuwa kama shilingi 1,550 kwa kilo. Kilo moja inafanya kazi ya lita moja na nusu ya petroli. Kwa maneno mengine unatembea kwa theluthi moja ya gharama. Moshi wake ni mwepesi zaidi, masizi hakuna. Ila tusidanganyane kwamba ni nishati jadidifu. Ni mafuta ya ardhini kama mafuta mengine, yataisha, na yanachomwa. Ni daraja la kuvukia tu.

Tatizo la gesi hapa mjini wala si gesi, ni foleni. Mwanao atajua. Magari yamegeuzwa kuwa ya gesi kwa maelfu, vituo vikabaki vya kuhesabu. Wapo madereva wanaokwenda kujaza saa nane usiku. TPDC wamejenga kituo mama Barabara ya Sam Nujoma karibu na Chuo Kikuu, na kampuni nyingine zinaongeza, hali inalegea lakini haijaisha. Saa mbili za foleni kwa bajaji ni vichwa vingapi, mama? Hiyo nayo ni gharama, haionekani kwenye risiti.

Bajaji ya umeme haina foleni kama una pa kuchajia. Na hapo ndipo ninapokuuliza wewe: nyumba ni yako au umepanga? Kama ni yako, una mita yako, na bajaji italala ndani ya geti, na kijana atafanya njia fupi, Kariakoo na Muhimbili, Kariakoo na Ilala, Mnazi Mmoja na Posta, nunua ya umeme yenye betri ya lithiamu, usiguse ya risasi hata ukipunguziwa laki tano. Hapa mjini iliwahi kujaribiwa hivyohivyo, mradi wa Umoja wa Ulaya ulioitwa SOLUTIONSplus ulileta bajaji za umeme za kuwasogeza abiria kwenda na kutoka vituo vya Mwendokasi, na mantiki ni hiyo: safari fupi, mahali pamoja, kurudi kuchaji. Kama umepanga, au kijana anataka kukimbiza Bunju na Chanika, chukua ya gesi iliyotoka hivyo kiwandani. Kugeuza ya petroli kuwa ya gesi inawezekana, DIT wanafanya na karakana nyingine zilizothibitishwa, lakini mtungi ule unabeba gesi iliyokandamizwa sana, si kazi ya fundi wa chini ya mwembe. Cheti cha mtungi ukione kwa macho yako, na tarehe ya kupimwa tena uiandike ukutani.

Jambo la mwisho kwako mama, na kijana asilione: kadi iandikwe jina lako. Bima chukua kubwa. Na hesabu akuletee wewe kwanza, hata kama ni mwanao. Hasa kwa kuwa ni mwanao.

Mwanafunzi wa chuo kimoja hapa mjini kaniandikia kwa ukali. Anasema tunadanganywa, umeme wenyewe unazalishwa kwa gesi, kwa hiyo pikipiki ya umeme ni uchafu uliohamishwa tu kutoka Msimbazi kwenda kwenye mitambo ya Ubungo na Kinyerezi.

Nakupenda kwa ukali wako, lakini hesabu yako ni ya zamani. Miaka michache nyuma ungekuwa na hoja nzito, maana gesi ilikuwa inabeba zaidi ya nusu ya umeme wetu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji ukaanza, na kufikia Aprili 2025 yote tisa ilikuwa tayari, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Bwawa moja limekuja na uwezo unaozidi ule wa mitambo yote tuliyokuwa nayo kabla yake. Kwa hiyo pikipiki inayochajiwa leo Buguruni sehemu kubwa inatembea kwa maji ya Rufiji.

Na hata ingekuwa gesi tupu, bado. Lita moja ya petroli ina nguvu ya kama yuniti tisa. Lita tatu za boda ni yuniti 27. Pikipiki ya umeme inafanya kazi ileile kwa tano na nusu. Tofauti imekwenda wapi? Imekuwa joto na moshi pale kwenye taa za Fire, kwenye pua ya mama lishe anayepuliza mkaa wake kwa upande mmoja na kuvuta moshi wa bomba kwa upande mwingine. Injini ya petroli inatupa zaidi ya robo tatu ya ulichoinunulia.

Ninachokubaliana nawe ni kwamba kutegemea maji peke yake kuna adabu yake. Waliokuwa wakubwa 2006 wanakumbuka ukame ulivyotufanya tuishi kwa jenereta, na mgao wa mwishoni mwa 2023 wewe mwenyewe uliuona. Ndiyo maana kule Kishapu, Shinyanga, ulianza kujengwa mtambo wa jua. Na Kariakoo umeme unaweza kukatika hata bwawa likiwa limejaa, kwa sababu transfoma ya mtaa imezidiwa na viyoyozi vya maghorofa mapya. Dereva wa chombo cha umeme asiyejua mtaa wake unakatika saa ngapi hajajipanga.

Wewe mwenyewe huna pikipiki, nimeona, unapanda Mwendokasi. Usijidharau. Basi moja lile refu la Kimara, tangu lilipoanza Mei 2016, limekuwa likichoma dizeli, lakini gawanya kwa watu mia na zaidi waliosimama humo wakikanyagana, halafu linganisha na mtu mmoja ndani ya gari lake kwenye foleni ya Magomeni. Na ukitoka Gerezani ukatembea kidogo, unafika stesheni ya treni ya umeme, iliyoanza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Kwa jiji kama letu hilo ndilo jambo kubwa kuliko pikipiki zote ninazozijadili hapa, na mtu yeyote akikwambia mustakabali wa usafiri safi ni kila mmoja kumiliki kigari chake cha betri, muulize atakiegesha wapi Kariakoo.

Barua ya mwisho ni ya mwenye duka la vitenge Mtaa wa Congo. Anataka kununua guta la umeme la kupeleka mizigo kwenye mabasi na kwa wateja wa jumla, aachane na kirikuu, na kama nimemwelewa, aachane na yule jamaa wa mkokoteni pia.

Dada yangu, kirikuu achana nalo, nitakusindikiza. Kwa safari za nusu kilomita zenye kusimama kila hatua, injini inakula mafuta bure. Guta la umeme la Kichina linabeba marobota yako vizuri kama hulizidishii, na kwa mwendo huo betri inatosha siku nzima. Lichajiwe dukani mchana mkiwa mpo, si usiku mkiwa mmefunga na vitenge vimejaa mpaka darini. Mita ya duka ni yako, hakuna wa kugombana naye. Mvua ikinyesha lisipitishwe maji ya Jangwani hata siku moja, maana injini ya kirikuu utaikausha na fundi, lakini betri iliyoingia maji hutarudishiwa garanti.

Ila yule jamaa wa mkokoteni ndiye usafiri safi wa kwanza wa Kariakoo, kabla mimi na wewe hatujalisikia neno hilo. Hachomi kitu zaidi ya wali wa maharage. Amevuta mizigo yako kwenye jua na kwenye tope, anajua kona ipi inapitika saa nne asubuhi na ipi imezibwa na meza, na mgambo wanamfahamu. Ukimleta kijana mwingine wa guta, atakwama Mkunguni mchana kutwa huku betri imejaa. Mfundishe huyohuyo, mkatie leseni, mpandishe juu ya hilo guta kwa mkataba ulioandikwa, na kwenye huo mkataba uandike betri ikichoka ni juu ya duka.